Mechi Moja ya Garth Lillico

Mume wangu alicheza mechi moja tu katika ligi kubwa, na hata hiyo moja hakuimaliza. Wanaume wengine wa pwani yetu waliovuka bahari kwenda kucheza Melbourne wana picha zao kwenye ukuta wa baa ya mji wetu, Marram, na wakiingia hununuliwa bia. Garth akiingia, mwenye baa hukimbilia kuzima televisheni, maana huwezi kujua lini watakionyesha tena kile kipande cha mechi yake.

Mimi si mzaliwa wa Tasmania. Nilitoka Kalgoorlie, upande wa pili kabisa wa Australia, nikaja kuvuna viazi msimu mmoja, nikanasa. Kwa hiyo watu wa kisiwa hiki nawatazama kwa akili timamu, na nasema wana wazimu. Wanapenda mpira, ule wa Kiaustralia wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa miguu, kuliko kula, lakini hawajawahi kuwa na timu yao kwenye ligi kubwa. Kila mwaka wasaka vipaji wa klabu za Melbourne wanavuka, wanakaa pembeni mwa viwanja vyetu vya mashambani na chupa zao za chai, wanachagua vijana kama mtu anayechagua viazi sokoni, kisha wanaondoka nao. Watu wengine wangekasirika. Hawa wanahamia klabu iliyomchukua kijana wao. Wananunua skafu, wanapaka rangi sanduku la barua, na watoto wanaozaliwa baadaye wanairithi klabu hiyo pamoja na pua ya babu.

Mwaka 1989 klabu ya Merrivale ilimchukua Garth Lillico, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na Marram nzima ikageuka kijani na nyeupe, rangi za klabu hiyo. Habari zilipofika kwamba Jumamosi ile atapangwa kwa mara ya kwanza, nusu ya mji ilipanda meli kwenda kumshangilia, na ilibeba bango.

Bango ni jambo kubwa katika mpira wetu. Kabla ya mechi mashabiki wanasimamisha karatasi ndefu kupita lori, imebandikwa maandishi, imeshikiliwa na milingoti miwili, na wachezaji wanaingia uwanjani kwa kuipasua katikati mbio mbio. Kazi ya wiki nzima inararuliwa kwa sekunde mbili, na hapo ndipo ilipo raha yake. Mchezaji anayecheza mara ya kwanza hupewa heshima ya kutangulia.

Bango la Garth lilitengenezwa chini ya usimamizi wa jirani yao, Merle Duniam, mwanamke mwenye mikono ya kazi na mdomo usiopumzika. Merle aliwaza upepo. Kwetu upepo wa baharini unabeba mabati, sembuse karatasi. Akafanya anachofanya mkulima yeyote wa hapa akihofia kitu kuachana: akachukua kamba ya marobota, ile ya plastiki ya buluu tunayofungia nyasi kavu, tunayofungia mageti, na wengine, sitaki kuwataja, wanaifungia suruali. Akaipitisha nyuma ya maandishi, mstari juu ya mstari, akakaza mafundo kwa meno. Siku ya mechi, huko Melbourne, hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha nywele.

Garth akatangulia. Karatasi ilipasuka. Kamba haikupasuka. Ilimdaka kifuani, ikamrusha nyuma, akaangukia bega na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Wenzake waliokuwa nyuma yake kwa kasi ileile wakamwangukia juu mmoja baada ya mwingine. Uwanja ulicheka mpaka watu wakashikana mabega. Televisheni ikarekodi yote.

Yeye aliinuka, akamficha daktari maumivu, akacheza. Aligusa mpira mara moja, akaupiga kuelekea goli, ukagonga mlingoti. Kwetu goli ni pointi sita na mlingoti ni pointi moja. Akaipata hiyo moja, akazimia, akatolewa kwa machela. Mwisho wa msimu klabu ilimwambia asante, akarudi kwenye ng'ombe wa baba yake.

Mimi nilikutana naye baada ya hapo. Sikumjua kama mtu wa kuchekwa. Nilimjua kama mwanaume mpole aliyenifundisha kukamua. Lakini kila mwaka, msimu ukikaribia kwisha, vipindi vya vichekesho vinakirudisha kile kipande, na kila mwaka wiki hiyo Garth anakuwa bubu. Nimeichukia televisheni ya nchi hii kwa moyo wangu wote.

Na Merle? Shamba lake limepakana na letu. Ndama wake wana tabia ya kupenya kwenye uzio, na kila mara Garth anawasukuma warudi kwa mkono, Merle akiwa amesimama upande wa pili, na hakuna anayefungua kinywa. Miaka yote hiyo. Nilipokuja nilidhani labda wote wawili ni viziwi.

Jambo nisiloweza kulielewa ni mji. Garth alipoachwa nilitegemea wangehama klabu, ndivyo wafanyavyo. Hawakuhama. Siku moja nilimuuliza Merle dukani.

"Mbona bado mko Merrivale? Kijana wenu si aliachwa?"

"Aliachwa kwa sababu yetu," akasema, akitazama mkate. "Sasa tuondoke na sisi? Hapana, mwanangu. Tunakaa mpaka tulipe."

Akawa mkuu wa tawi la mashabiki. Anapanga mabasi, anachezesha bahati nasibu, anapika soseji. Bango tu ndilo hagusi. Bango la tawi hutengenezwa na wengine, na yeye siku hiyo hukaa nje.

Tulizaa wavulana wawili. Kwa wavulana kuna sheria: klabu ina haki ya kwanza kumchukua mtoto wa mchezaji wake wa zamani, lakini baba awe amecheza mechi mia. Garth alikuwa amepungukiwa na mechi tisini na tisa. Haikutuumiza kichwa, kwa sababu mmoja wa wavulana alipenda kukata watu nywele na mwingine alipenda kulala. Kisha akaja kitinda mimba wetu, Keely, na huyo akazaliwa akipiga teke.

Alipofika miaka kumi na minane, simu ikalia jikoni. Msaka vipaji wa Merrivale, mtu anayeitwa Pettigrew, akaniambia wanamtaka Keely kwa timu ya wanawake, na kwamba hakuna klabu nyingine itakayowatangulia.

"Kwa nini wasiwatangulie?" nikamuuliza.

"Kwa sababu baba yake ni wetu, mama. Kwa wasichana sheria ni nyepesi. Baba akiwa amecheza mechi moja, inatosha."

Nilikaa chini. "Na ile yake inahesabika?"

"Alikanyaga nyasi, akapiga mpira. Inahesabika kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa uwanjani siku ile, nilikuwa mtoto." Akasita. "Nilicheka, mama. Samahani."

"Ulicheka wewe na dunia nzima, bwana Pettigrew."

Nilikimbia hadi banda la kukamulia kwa viatu vya ndani. Keely alikuwa huko na baba yake. Nilipomweleza, alipiga yowe mpaka ng'ombe mmoja akaangusha kikombe cha mashine, kisha akamrukia baba yake shingoni, matope na yote. Garth alimkumbatia kwa nguvu. Baadaye akanawa mikono, akainawa tena, akasema, "Vizuri sana, binti yangu. Vizuri sana," akarudi kwenye mashine. Nilijua anafurahi. Nilijua pia kwamba anakiwaza kile kipande.

Mjini hawakukosa la kubishania. Kisiwa sasa kimeahidiwa timu yake, na wapo waliosema Keely angesubiri.

"Ni usaliti huu," alisema mwenye baa. "Tunapata timu yetu, halafu mtoto wetu anakwenda kwa wale wale?"

"Wewe nyamaza," Merle alimjibu. "Mwenyewe umevaa soksi za Merrivale hapo ulipo."

Keely akaenda Melbourne majira ya baridi. Mwezi Agosti, ng'ombe wakiwa wanazaa mchana na usiku, akapiga simu. Kila msimu Merrivale huleta mechi moja upande wetu, kwa ajili ya mashabiki wake wa kisiwani, na safari hii ilikuwa ya wanawake, mjini Burnie, Jumamosi.

"Mama, nimepangwa! Kocha ameniambia leo! Niweke kwenye spika, baba asikie."

Garth alikuwa mezani na kikombe cha chai.

"Baba, naanza Jumamosi. Sasa sikiliza. Mchezaji mpya anakabidhiwa jezi kwenye chumba cha wachezaji na mtu wake, mbele ya timu nzima. Nataka unikabidhi wewe."

Nilimpiga teke chini ya meza.

"Ng'ombe wanazaa, mwanangu," akasema.

"Ng'ombe wanazaa kila mwaka, baba!"

"Mama yako atakuja. Anaongea vizuri kuliko mimi."

"Sikumwomba mama. Samahani, mama."

"Usijali," nikasema.

"Na jambo la pili," Keely akaendelea. "Nataka bango langu litengenezwe Marram. Na nataka bibi Merle alitengeneze."

Garth aliinuka, akatoka, akauacha mlango wazi na baridi yote ikaingia. Mtoto aliuliza, "Amekasirika?" Nikamwambia, "Amekwenda kuangalia ng'ombe," na wote wawili tulijua maana yake.

Nilimfuata bandani. Mimi si mtu wa kumeza maneno.

"Garth Lillico, unaogopa nini?"

"Siogopi."

"Unaogopa."

Alikuwa akimsugua ndama mchanga kwa gunia. Akasema bila kunitazama, "Nikionekana pale, wataonyesha. Watasema, huyu hapa baba yake, mnamkumbuka? Halafu wataonyesha. Siku yake ya kwanza, Leanne, na watu watakuwa wanacheka. Sitaki wamcheke kwa ajili yangu."

Basi nikaelewa kwamba si kiburi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kiburi, nina maneno mengi ya kiburi. Nilichukua gunia la pili, nikamsaidia kumkausha ndama.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Merle kumpelekea ombi la mtoto. Nilimkuta akimenya viazi, mzee wa miaka themanini, mgongo umepinda lakini mikono ileile. Nilipotaja bango, kisu kilisimama.

"Hapana."

"Mtoto amekuomba kwa jina lako."

"Nampenda mtoto. Nimemshika siku aliyozaliwa, Garth akiwa nje ya mlango hataki kuniona. Lakini karatasi siigusi mpaka Garth mwenyewe aniambie niiguse."

"Garth hajakwambia hata habari za asubuhi tangu nilipokujua!"

"Basi ndiyo hivyo," akasema Merle, akaendelea na viazi.

Nilirudi nyumbani nikitukana njia nzima. Vichwa viwili vigumu, uzio mmoja, na mtoto wangu katikati. Niliwaita wanawake wa tawi, nikawaambia tutatengeneza sisi.

Tulianza Jumanne kwenye ukumbi wa maonyesho ya mifugo. Tulitandaza karatasi laini za kijani na nyeupe sakafuni, tukaziunganisha kwa selotepu, tukakata herufi: MARRAM INAKUSALIMU KEELY. Merle alikuja kila siku, akachemsha chai, akakaa kwenye kiti chake mlangoni, upande wa nje. Mvua ikimpiga, hakuingia. Na kila siku redio ilizidi kutuharibia: upepo mkali Jumamosi, pwani yote ya kaskazini. Uwanja wa Burnie uko kando ya bahari kabisa, hauna hata mti wa kuuombea msaada.

Alhamisi mchana tukalisimamisha kwa majaribio ndani ya ukumbi, milango miwili mikubwa ikiwa wazi. Upepo uliingia, bango likavimba, likapasuka kwenye kona. Tukabandika. Likapasuka kwingine. Rhonda wa posta, mwanamke mwenye roho nzuri na akili fupi, akasema:

"Tungeweka tu kamba kidogo. Kidogo tu. Nyuma ya herufi."

Chai ya Merle ilisikika ikimwagika nje.

Halafu nikasikia sauti ya mume wangu. "Thubutu."

Alikuwa amekuja kunichukua, maana gari langu lilikuwa gereji. Amesimama kwenye mlango wa pili na mabuti yake ya mpira, kofia mkononi, maziwa yamemkaukia kwenye suruali. Sijui alisimama hapo kwa muda gani. Alikuja hadi kwenye bango akaligusa kwa kiganja, akaenda nyuma, akarudi.

"Mmebandika vibaya," akasema. "Pembeni mmeweka selotepu moja na katikati tatu. Fanyeni kinyume. Pembeni kaza unavyotaka, upepo unashika pembeni. Katikati iwe karatasi tupu. Mtu anapita katikati."

"Umejuaje?" Rhonda akauliza, na nilitamani kumziba mdomo.

"Nimekuwa na muda wa kufikiri," Garth akasema.

Wanawake wakaanza kubandua na kubandika, yeye akielekeza. Ilichukua muda. Walipomaliza, bango likasimama tena, upepo ukalisukuma, likavimba na kutulia. Lilikuwa zuri sana. Garth aliliangalia. Kisha akageuka kuelekea mlangoni, na nilidhani anaondoka. Akasimama mbele ya kiti cha Merle.

"Merle."

Mzee aliinua uso.

"Njoo ulikague," Garth akasema. "Wewe ndiye unayejua kufunga."

Merle aliinuka polepole, akaingia ukumbini. Alipita nyuma ya bango, akapapasa kila karatasi kwa vidole, juu mpaka alipofika, chini mpaka magoti yakagoma. Tulisubiri kama watu walio hospitali.

"Hakuna kamba," akasema kutoka nyuma ya karatasi.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Garth."

"Basi kaa pembeni."

Nikamwona anarudi nyuma, hatua baada ya hatua, mpaka mwisho wa ukumbi, ukutani penye vikombe vya mafahali bora. Nikaelewa kabla ya wengine. Nikasema, "Garth, tumefanya kazi siku tatu!" lakini nilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu sikutaka anisikie.

Alikimbia. Mwanaume wa miaka hamsini na sita, mabuti yakipiga sakafu, tumbo likimtangulia, bega lile bovu mbele. Alilipiga bango katikati kabisa na likafunguka kama pazia. Hakuanguka. Alitokea upande wa pili na herufi K imemkaa kichwani, akaenda mpaka mlangoni kabla ya kuweza kusimama, akashika fremu ya mlango, anahema.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wawili walioshika milingoti walikuwa wameishika tu, na katikati yao hewa tupu.

Merle ndiye aliyeanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, bila aibu. "Nimekusubiri upite," akasema. "Miaka yote hii, Garth, nimekusubiri upite."

Garth akarudi. Akamshika mzee mabega. "Basi, mama, basi. Nimepita," akamwambia. Nami nilikuwa nalia, na Rhonda alikuwa analia, na tulikuwa hatuna bango.

Ijumaa tulitengeneza jingine tangu asubuhi. Safari hii Merle alipiga magoti sakafuni katikati yetu na mkasi, anatukaripia wote, na Garth aliwaachia majirani ng'ombe akaja kubandika pembeni. Maneno ya kwanza yalikuwa yamechanika vibaya, tukamuuliza Merle tuandike nini. Hakufikiri sana. Neno moja tu, akasema, herufi kubwa kuliko mtu: PITA.

Jumamosi upepo ulikuwa kama redio ilivyoahidi. Uwanja ulijaa, mabasi yalitoka kila kijiji cha pwani, kijani na nyeupe, na watu wengi walivaa skafu zilizonunuliwa mwaka wa Garth. Tuliingizwa kwenye chumba cha wachezaji. Wasichana ishirini na zaidi walikaa kwenye mabenchi, miguu imefungwa bandeji. Keely alisimama katikati na fulana ya ndani. Alipomwona baba yake akiingia amevaa koti lake la mazishi, akanyoosha mgongo.

Kocha akampa Garth jezi. Aliikunjua, akaitazama.

"Mimi si mtu wa maneno," akaanza. "Mnanijua. Mmeniona kwenye televisheni." Wasichana hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka. Yeye akatabasamu, basi wakacheka kidogo. "Niliichezea klabu hii mechi moja. Miaka yote nimeiona haba mno. Nimeionea aibu. Kumbe ingekuwa sifuri, leo huyu angevaa rangi nyingine." Akamvalisha jezi mwenyewe, kichwani, kama alivyomvalisha sweta akiwa na miaka mitatu. "Ilitosha, mwanangu. Ilikuwa inakusubiri wewe."

Chumba kililipuka. Mimi sikuona mengi baada ya hapo kwa sababu ya machozi.

Tulitoka kusimama kando ya uzio na watu wa Marram. Merle alikuwa ameshika mlingoti wa kushoto, hakutaka kumwachia mtu. Bango lilivimba, likapiga kelele kwenye upepo, pembeni zikashika. Keely akatokea kwenye handaki la wachezaji, akatangulia, nywele zimefungwa nyuma, anakimbia kama baba yake, bega mbele. Garth aliukamata mkono wangu mpaka ukaniuma. Karatasi ilifunguka bila hata kujaribu kubisha. Akapita, na wenzake wote nyuma yake, na vipande vya kijani vikaruka juu ya uwanja kuelekea baharini.

Kwenye skrini kubwa, kama alivyohofia, walionyesha kile kipande. Garth mwembamba wa mwaka 1989 akarushwa nyuma na kamba. Watu walicheka. Nikamgeukia kwa hofu. Alikuwa anatazama skrini, kichwa upande.

"Nilikuwa na nywele nyingi," akasema.

Katika robo ya pili ya mchezo, Keely akapata mpira mbele ya goli, pembeni kidogo, upepo ukivuma kutoka baharini. Marram nzima ikanyamaza. Akaupiga vizuri. Mpira ukaenda, ukaenda, upepo ukauvuta, ukagonga mlingoti. Sauti yake ilisikika mpaka kwetu.

Keely alishika kichwa. Kisha akatutafuta kwenye uzio, na nikajua anamtafuta nani. Na mume wangu, ambaye sijawahi kumsikia akicheka habari ya mpira tangu nimjue, alicheka. Alicheka ameinama, ameshika uzio, mpaka watu waliotuzunguka wakacheka naye, mpaka mtoto kule uwanjani akaona, naye akaanza kucheka, akakimbia kurudi nafasi yake.

"Sasa ukoo wenu una pointi mbili," Merle akasema.

Garth alijifuta macho kwa skafu ya mtu mwingine. "Merle, ndama wako yuko kwangu tena. Yule mwenye baka usoni."

"Namjua. Ni mshenzi."

"Kesho pita umchukue. Njia ya mlango, siyo ya uzio. Leanne atakuwa amepika chai."

"Mwenyewe utapika chai," nikamwambia, na tukarudi kutazama mpira.